Mama Pinki na Programu Iliyojua Kliniki ya Jumanne

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtunza masijala wa hospitali yetu atafunga kidirisha chake cha mbao kwa mara ya mwisho. Amekifungua kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika muda huo hospitali imepata madaktari wakuu saba, mapaa mawili na jenereta tatu, lakini mtunza masijala ni yule yule, na miwani yake bado inaning'inia shingoni kwa kamba ya kufungia mafaili.

Wagonjwa wengi hawalijui jina lililo kwenye barua yake ya ajira. Wanamwita Mama Pinki, na wageni hudhani ni kwa sababu ya mavazi. Hajawahi kuvaa pinki. Jina limetokana na kadi. Alipoajiriwa, masijala ilikuwa stoo yenye maboksi yaliyofungwa kwa bandeji, na faili likipotea mgonjwa aliambiwa aanze upya, kana kwamba na ugonjwa ungekubali kuanza upya. Yeye aliomba rafu, akapewa. Akaomba kadi ngumu za rangi inayoonekana gizani, akapewa pinki kwa kuwa ndizo zilizobaki. Tangu hapo kila faili linalotoka huacha kadi mahali pake, na kwenye kadi kuna mambo matatu: nani amelichukua, kwa sababu gani, na atalirudisha lini. Daktari mkuu mmoja, ambaye sasa amestaafu, aliwahi kulalamika kwamba chumba chake kiko mkabala na masijala, hatua sita tu. Mama Pinki alimjibu kuwa amezihesabu, ni sita kweli, kisha akamsogezea kalamu.

Mwaka ambao paa lilivuja, mafundi waliofika asubuhi walimkuta kwenye chumba cha kufulia amezungukwa na mafaili zaidi ya elfu nne, yote makavu, yote kwa mpangilio wa namba, na kadi za pinki zikiwa katika mapengo yake. Alipoulizwa kwa nini asiyaokoe kwanza ndipo ayapange baadaye, alishangaa swali lenyewe.

Kuna tabia yake nyingine ambayo wengi huielewa vibaya. Akikutana na mgonjwa barabarani hamsalimu kwanza. Humngoja yeye aanze. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa akimlaumu kwamba mji mzima unamwona ana maringo. Sababu ni kwamba salamu huzaa maswali: huyu unamjuaje, mlikutana wapi. Mama Pinki hakutaka mtu yeyote alazimike kudanganya mbele ya shemeji yake kwa ajili ya salamu yake.

Tunayasimulia haya ili yaeleweke yanayofuata, maana yeye mwenyewe aliweka sharti kwamba kama tutamwandika, basi tuandike na kosa lake.

Miaka minne iliyopita daftari la miadi lilikuwa limetuchosha. Lilikuwa na hati za mikono mitatu, mojawapo ya daktari. Kila Jumanne, siku ya kliniki ya kifafa, theluthi ya viti ilibaki tupu kwa kuwa watu walisahau tarehe. Muuguzi wa kliniki alikuja dirishani kulalamika, na Mama Pinki akaahidi kutafuta dawa. Akaipata kwenye simu: programu ya kukumbusha miadi, yenye kengele tamu na rangi za kupendeza. Masijala inaandika namba ya simu ya mgonjwa, kliniki na tarehe. Mgonjwa anatumiwa ujumbe, anaiweka programu kwenye simu yake, nayo inamlilia siku moja kabla. Na ni ya bure. Muuguzi aliuliza inakuwaje ya bure. Mama Pinki akajibu kwamba bila shaka waliotengeneza ni watu wenye moyo mzuri. Jibu hilo hulisimulia mwenyewe hadi leo, akijicheka.

Programu ilimwonyesha ukurasa mrefu wa masharti na kitufe cha kukubali. Mwanamke aliyewalazimisha madaktari wapasuaji kusoma kadi kabla ya kutia saini alibonyeza bila kusoma hata mstari mmoja.

Viti vilijaa. Ndani ya mwaka mmoja na nusu tulikuwa tumewaingiza wagonjwa mia nne na kumi na wawili wa kliniki zote. Kwenye mkutano wa mwaka alipewa chupa ya chai na makofi.

Kisha faili moja likaacha kutembea. Watu wa masijala wanajua faili lililopotea. Mama Pinki anajua pia faili lililotulia kupita kiasi. Lilikuwa la fundi cherehani mmoja aliyekuwa ametimiza miaka miwili bila kuanguka, na ambaye ghafla alikosa Jumanne tatu za kuchukua dawa. (Fundi ameusoma ukurasa huu kabla yenu. Alifuta sentensi mbili, akaruhusu zilizobaki. Alisema mji una mafundi wengi, anayetaka amtafute.) Mama Pinki alipiga simu, ikakatwa. Akapiga tena, akatumiwa ujumbe wa kumwomba asipige kabisa.

Mtu wa kifafa akiacha dawa ghafla, mwili hauchukui muda kumkumbusha, na huyu hufanya kazi katikati ya pasi ya moto, mkasi na mashine. Mama Pinki alifumua upindo wa sketi yake mwenyewe, akaenda nayo dukani kama mteja yeyote, akapanga foleni. Alingoja hadi duka lilipobaki na watu wawili, fundi na yeye.

Fundi alimweleza huku akiitazama sketi, si uso. Ana mtindo wa kuwapa wateja simu yake wapitie programu ya picha za mishono. Siku moja mama mmoja alikuwa akipitia magauni, na chini ya picha ukatokea ukanda wa tangazo: mtu amelala sakafuni, na maneno yanayouliza kama unaishi na kifafa. Yule mama akasogeza picha, tangazo likamfuata. Akauliza kama simu ni ya fundi. Akakunja kitambaa chake ambacho kilikuwa hakijakatwa, akaaga kwa adabu. Wiki hiyo vitambaa vinne vilirudi kwa wenyewe. Fundi alifikia uamuzi ambao mtu yeyote angeufikia: kuna mdomo hospitalini. Akafuta programu, akaapa kutoonekana tena kwenye foleni ya Jumanne, na vidonge vikaisha. Alikwisha kuanguka mara moja, hatua moja kutoka kwenye pasi; mkewe ndiye aliyemdaka.

Mama Pinki hakutunga jibu. Alimwambia kwamba hajui ilikuwaje, ila atalijua, akaomba wiki tatu. Akamsihi katika wiki hizo mkewe aje kuchukua vidonge famasi, siku yoyote isiyo Jumanne. Fundi akasema atafikiri. Mkewe hakuja.

Wiki tatu zilizofuata ndizo tunazopenda kuzisimulia kwenye chumba cha chai. Watu wote aliowauliza, tukiwemo sisi wa famasi, tulikuwa na maelezo yale yale: simu inasikiliza. Mama Pinki alisema huenda, lakini masijala haiandiki huenda. Akamwandikia daktari mkuu barua ya kuomba ruhusa ya kufungua faili la mgonjwa asiyekuwepo. Katika kazi yetu kubuni mgonjwa ni dhambi kubwa, na hakutaka kuitenda bila muhuri. Daktari mkuu alicheka, akasoma mara ya pili, akatia saini. Ndivyo alivyozaliwa Mgonjwa Sifuri, mwenye faili jembamba kuliko yote.

Alichukua simu tatu: yake, ya mumewe, na ile kuukuu ya masijala. Kwenye simu ya mumewe, Mgonjwa Sifuri aliwekewa miadi ya kliniki ya meno. Kwenye yake mwenyewe, kliniki ya magoti. Kwenye ile kuukuu aliandika Jumanne tu, bila kliniki. Siku ya nne mwalimu wa hesabu, akisoma matokeo ya mpira kwenye programu nyingine kabisa, aliletewa matangazo ya dawa ya meno na baadaye ya meno ya bandia, akauliza nyumbani nani anamsema. Simu ya Mama Pinki ilianza kumpendekezea mafuta ya kuchua na mkongojo. Ile kuukuu ilileta masufuria.

Ili kupima suala la kusikiliza, kila asubuhi kwa wiki nzima aliketi mbele ya ile simu kuukuu, akaisomea kwa sauti karatasi ya mafunzo kuhusu kuoza kwa meno. Mfanya usafi alikuja kutunong'oneza kwamba tumwangalie mwenzetu. Simu iliendelea na masufuria. Mumewe alimkumbusha kwamba simu tatu si ushahidi wa kutosha, basi Mama Pinki akabadilisha: meno yakaenda kwenye simu yake, magoti kwa mwalimu. Baada ya siku tano mkongojo ukamhamia mwalimu. Hapo hata mwalimu akakubali.

Sasa akajua kwamba si sauti, ni maandishi. Lakini yanatokaje? Aliyachapisha yale masharti aliyokubali bila kuyasoma, kurasa arobaini na moja, akayasoma kwa rula siku tatu. Alichokipata kinafaa kila mwenye simu akijue, na si kigumu.

Anayetengeneza programu ya bure naye anahitaji kula. Kwa kuwa hakutozi wewe, hukata ukanda mwembamba wa kioo cha simu yako na kuukodisha. Hajui wapangaji, kwa hiyo ndani ya programu yake hupachika kipande kidogo cha programu kilichotengenezwa na dalali wa matangazo. Kila unapofungua programu, kipande hicho humpelekea dalali habari: hapa pana simu yenye namba fulani ya utambulisho, iko karibu na mahali fulani, ni saa fulani, na mwenyewe anashughulika na jambo fulani. Dalali hunadi ukanda huo kwa wenye bidhaa, na mnada huisha kabla hujapepesa jicho. Anayetoa zaidi ndiye unayemwona. Jina lako halihitajiki. Ile namba ya utambulisho inatosha, kwa sababu kesho, ukiwa kwenye programu ya mpira au ya mishono ambayo nayo ina kipande cha dalali yule yule, namba hiyo hutambuliwa, na jambo la jana hukumbukwa. Ndiyo maana tangazo humfuata mtu kutoka chumba hadi chumba. Na katika programu yetu, neno lililopelekwa kama "jambo fulani" lilikuwa lile tuliloliandika sisi kwenye nafasi ya kliniki.

Si kila kitu cha bure ni mtego, na Mama Pinki hapendi kusikia hivyo. Programu ya mpira ikijua unapenda timu gani, hakuna aliyeumia. Anachouliza ni programu inaombwa ijue nini, na huyo anayelipa analipia nini hasa.

Siku ya ishirini alirudi kuchukua sketi. Akamweleza fundi yote, kuanzia Mgonjwa Sifuri hadi mnada. Fundi aliacha kushona. Alikuwa na hasira, lakini udadisi ulimzidi. Aliuliza maswali mengi kuliko sisi wote. Kisha akavuta daftari lake la vipimo, lile lenye viuno na mabega ya mji mzima, akajaribu kulielewa jambo kwa mikono yake. Tuseme, alisema, kuna mtu ananiletea nyuzi na sindano bure kila mwezi. Halinunui daftari langu. Ananiomba tu niwe namwashiria kila anayepita mlangoni ambaye kiuno kimeongezeka, ili yeye amkimbilie na mikanda. Mimi sijamtaja mtu. Lakini mteja atakayekimbiliwa na mikanda mbele ya mumewe atajua nani kampima.

Mama Pinki alimwambia hajawahi kusikia ikielezwa vizuri zaidi. Kurasa arobaini na moja hazikufika hapo.

"Kwa hiyo si mdomo wa mtu," fundi akasema.

"Si mdomo. Ni mkono wangu, fundi. Mimi ndiye niliyekubali, na sikusoma."

Fundi akamalizia uzi. Mama Pinki anasema alikuwa tayari kwa lolote: matusi, kufukuzwa, kesi. Badala yake akaulizwa swali lililompa kazi ya miaka yake miwili ya mwisho.

"Na wenzangu wa Jumanne, mmeshawaambia?"

Alhamisi iliyofuata fundi alikuja famasi mwenyewe, akachukua vidonge, akasema waziwazi kwamba anamwamini yule mama kwa sababu alikuja kukiri kabla ya kushikwa. Hajakosa mwezi hata mmoja tangu hapo, wala hajaanguka. Wateja wawili kati ya wale wanne wamerudi. Yule mama wa kwanza hajarudi, na fundi husema ana haki ya kuchagua fundi, kama yeye alivyo na haki ya kuchagua nani ajue ugonjwa wake.

Hospitalini haikuwa rahisi. Baadhi yetu tulishauri programu ifutwe kimyakimya, maana kuwaambia wagonjwa kungewatia hofu na viti vingekuwa vitupu tena. Tulisema hivyo kwa nia njema, na tunakiri leo kwamba tulikosea. Mama Pinki alisimama kikaoni, akasema mgonjwa ambaye habari zake zimetoka nje lazima asikie kwetu, si kwa mteja wake au mkwe wake. Alisema pia nani aliyebonyeza kitufe. Kwa hilo aliandikiwa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wake. Aliipokea, akaitoboa matundu mawili, akaiweka mwenyewe kwenye faili lake kwa mpangilio wa tarehe.

Kwa wenye programu aliandika mara tatu. Walimjibu kwa heshima kwamba yote yamefutwa kwenye mashine zao, ila hawawezi kuwasemea washirika wao. Mama Pinki akatoa kadi ya pinki. Penye nani amechukua, aliandika washirika wasiotajwa. Penye sababu, matangazo. Penye lini atarudisha aliacha wazi, na kadi hiyo imebandikwa ukutani masijala, mahali ambapo kila mfanyakazi mpya huisoma kabla ya kupewa neno la siri la kompyuta. Anajifunza hapo kwamba faili la karatasi likirudi limerudi, lakini lililonakiliwa halirudi hata ukiliona mezani.

Programu tuliiondoa. Daftari la miadi lilirudi likiwa na hati ya mkono mmoja, na siku moja kabla masijala hutuma ujumbe mfupi wa simu unaosema tu kwamba unatarajiwa kesho, saa fulani. Hautaji kliniki. Viti vimebaki vimejaa karibu vile vile, jambo lililotushangaza, na kwa kweli lilituaibisha kidogo.

Kisha akaanza kuwaambia. Hakutuma ujumbe mmoja kwa wote, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo nao husomwa na asiyehusika. Aliwaita mmoja mmoja walipokuja, akafunga kidirisha, akaeleza. Wasiokuja aliwapigia. Wasiopokea aliwafuata, akiwa na sketi, suruali ya mumewe, au saa mbovu ya kutengenezwa, kulingana na kazi ya mwenyewe. Mumewe anasema nyumba haijawahi kuwa na nguo na saa zilizotengenezwa vizuri kiasi hiki. Wengine walikasirika, wengine walicheka, wengi waliuliza wafute nini kwenye simu, naye akawaonyesha: jinsi ya kuifuta ile namba ya utambulisho, jinsi ya kuzinyima programu ruhusa ya kujua uko wapi. Bibi mmoja wa kliniki ya macho alimshukuru, akaongeza kwamba yeye matangazo ya miwani aliyapenda, asimwondolee.

Hadi tunapoandika haya, kati ya watu mia nne na kumi na wawili, amewaambia mia nne na wanane. Wanne hawajapatikana. Wamehama, au wamebadili namba, au hatujui. Alipotakiwa kuorodhesha mali anayokabidhi, aliandika rafu, funguo, mihuri, chupa ya chai, na chini kabisa namba za mafaili manne, akataka apatikane mtu wa kuzitia saini kwa kalamu. Mrithi wake ametia. Daktari mkuu naye akaomba karatasi, akatia. Kisha muuguzi wa Jumanne, kisha sisi wa famasi, hata karatasi ikawa haina nafasi.

Mama Pinki, asante kwa miaka yote thelathini na minne, na asante zaidi kwa zile wiki tatu ulizokataa kusema huenda. Nenda ukapumzike na mwalimu wako. Tunakuombea afya, usingizi mzito, na barabara ndefu ambazo sasa unaweza kumsalimu kwanza yeyote umtakaye. Wale wanne ni wetu sasa. Tukiwapata, tutakuja kukuambia wenyewe, nyumbani kwako, hatutapiga simu.